Ndege Mdogo Tuliyempandisha Ghorofani

Kwako Yaya Shabani, kaka yangu mkubwa,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umekaa na umeshakunywa chai, maana si maneno ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Sisi huku tunapumua. Baridi ipo, kazi ipo, Mama yupo.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu mna mapatano yenu. Kila nikifika penye neno lenyewe, mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Ameibeba rafiki yangu mmoja anayekwenda kuwaona wazazi wake Gisenyi, atavuka mpaka pale barrière akutafute dukani kwako.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza, "Mama anaendeleaje? Amenenepa?" Watu wa kwetu mnapenda sana hilo la kunenepa, kana kwamba anayekwenda Ulaya amepelekwa malishoni. Hapana Yaya, hajanenepa. Zile kanzu alizotoka nazo Goma sasa anazifunga kwa kamba kiunoni. Hilo sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa naona aibu. Leo aibu imehama, nadhani inakuja kwako.

Kumbuka mwenyewe ulivyonipigia yale mabomu yalipoanza kuanguka jirani na kambi za Mugunga. Ulikuwa unalia. Ulisema, "Mudogo yangu, mutoe mama, mimi hapa nimeshindwa." Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tulipokimbia moto wa mlima wa volkano, na mimi si mtu wa kusahau mgongo ulionibeba. Nikahangaika na maofisi hadi visa ikatoka. Mama hakukubali, unajua. Alisema nyumba yake ina mlango wa mbele kwa ajili ya wageni na mlango wa nyuma kwa ajili ya ziwa, na yeye hawezi kukaa mahali penye mlango mmoja. Tulicheka, tukasema ni maneno ya uzee. Wewe huko ukafunga mizigo yake, mimi huku nikatuma tiketi, tukamshinda.

Basi huku tunakaa ghorofa ya nne, etaje kama mnavyosema. Mlango ni mmoja. Bahari iko pale mbele, ukiegemea dirisha unaiona, lakini kuifikia kuna ngazi, kuna barabara, kuna mawe yenye barafu, na mguu wa Mama unaujua. Asubuhi naondoka gizani kwenda kiwandani kupasua samaki, narudi gizani, namkuta palepale kwenye kiti cha dirishani na kikwembe chake mabegani. Siku ya kwanza nilimletea samaki wa kwetu kiwandani, vile vipande vyeupe visivyo na kichwa, mkia wala mfupa. Aliigeuza sahani, akaniuliza, "Ule samaki alikosa nini, hata wamukate hivi?" Nilicheka sana. Baadaye nikaona yeye hakucheka. Mwanamke aliyeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, katika soko la Kituku tangu ujana wake, aliyekuwa akitukana wavuvi kwa lugha nne na kuwalisha kwa moja, alianza kuniachia maneno machache kama mtu anayebania chumvi. Halafu hata simu akakataa kushika. Nikikuita wewe nimpe, anasema analala, na huku macho yako wazi.

Mimi nilidhani ni baridi. Nilimnunulia koti la pili.

Juma lililopita kulikuwa na upepo wa baharini ambao hata wenyeji waliulalamikia, na hao si watu wa kulalamika. Jumamosi ulipotulia, nikamshawishi Mama tushuke hadi dukani. Pembeni ya jengo letu kuna mteremko wa magari, unaingia chini ya ardhi. Kule chini kabisa, kwenye pembe ya ukuta, palikuwa na ndege mdogo amekaa. Hakuruka kutuona wala hakujificha. Alikuwa mzima, anatutazama, anajaribu kutambaa kwa tumbo kisha anaacha.

Mama alinikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ramazani, mazuku! Ziba pumuzi! Mutoe kule chini!"

Yaya, mimi nilijua kabisa kwamba huku Norvège, nchi ya Norwe, hakuna mazuku. Lakini kabla akili haijafika, pumzi nilikuwa nimeshaiziba. Ungefanya nini wewe? Sisi watoto wa Mugunga tulifundishwa mazuku kabla ya kufundishwa kusali. Palipo na shimo pana hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani, hainuki, na asubuhi unakuta mbuzi wa watu amelala pale kama aliyechoka. Ukimkuta mnyama amezubaa bondeni, huulizi. Unaziba pua, huinami zaidi ya lazima, unamnyakua na kumpandisha juu kwenye upepo. Kuku wangapi wa Mama tuliwaokoa hivyo! Basi nikashuka mbio, nikamnyakua, nikapanda naye kifua kinapasuka. Jirani mmoja alikuwa akipakia gari lake, akabaki ameshika mlango kututazama.

Alienea katika viganja vyangu viwili. Mgongo mweusi, tumbo jeupe safi, kichwa kimezama mabegani hata shingo huioni, mdomo mfupi na mnene. Miguu ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mkia, kama iliyosahauliwa na kubandikwa mwishoni. Mama alimwangalia vizuri.

"Ni kale kandege ka kwetu," akasema. "Kale ka kuzama, ka ku ziwa."

"Hapana Mama, kale ka kwetu kana rangi ya udongo. Huyu ni mweusi na mweupe."

"Ni juu ya baridi. Na wewe kule kwetu hukukuwa mweupe hivi."

Ulikuwa utani, Yaya. Utani wa kwanza tangu afike, nami nikafurahi hata nikasahau kuuliza chochote zaidi. Tukampandisha ngazi zote zile hadi kwetu. Mama akatoa beseni lake la sambaza. Ndiyo, lile la bati, alilibeba kutoka Goma katikati ya nguo zake. Akatandika kitambaa, akamweka ndege ndani, akaliweka beseni kwenye baraza yetu ndogo ya juu. Hata hapo hakuridhika, akaleta kiti ili beseni likae juu zaidi, akaanza kumpepea kwa mfuniko wa sufuria. Ndege akageuka upande wa bahari, akawa anapanda ukingo wa beseni kwa kifua, anateleza, anapanda. Mama akaligeuza beseni ili upepo umpige usoni. Ndege naye akageuka, akaelekea tena baharini.

"Unaona? Nguvu inarudia," Mama akasema.

Alikaa naye hapo, anapepea, anamsemesha. Mchana wote ule Mama alizungumza. Alimsimulia ndege habari za Kituku, za mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, za wavuvi wanaopiga mluzi wakipiga kasia, na mimi nikiwa jikoni nasikiliza kama mwizi. Asubuhi tulimkuta amekufa. Amelala kwa tumbo, mdomo umegusa ukingo wa beseni.

Mama alirudisha mfuniko wa sufuria jikoni. Akaenda kwenye kiti chake cha dirishani.

Nikashuka na beseni nitafute pa kumzika. Chini nikakutana na Bi Ingrid, mjane anayekaa chumba cha kwanza, mumewe alikuwa mvuvi. Akachungulia, akamtambua hapohapo. Akasema jina lake huku ni alkekonge, maana yake mfalme wa ukoo wake. Mfalme mwenyewe anaenea viganjani. Ni ndege wa bahari kubwa, wakati wa baridi hakanyagi nchi kavu kabisa, anaishi mbali na pwani, anakula kwa kuzama. Upepo ukizidi unawasukuma hadi mjini, wanaanguka barabarani na kwenye maegesho. Na akishaanguka amekwisha, kwa sababu mabawa yale mafupi ni ya kupigia kasia chini ya maji. Ili aruke anahitaji kukimbia juu ya maji kwanza. Kwenye sakafu hawezi.

"Wangemteremsha tu pale chini baharini akiwa bado na nguvu," akasema. "Nyinyi mlimweka wapi?"

Nikamwambia, juu. Akaniangalia, akaona uso wangu, akanishika bega. Heri angenicheka.

Nikapanda kumwambia Mama. Sikutaka, lakini aliniuliza nimemzika wapi, na mimi kumdanganya Mama sijapata kuweza. Hicho ni kipaji chako. Nikamweleza yote. Akanifanya nirudie pale pa mabawa na maji. Akasema polepole, "Kumbe alikuwa anatafuta tu maji. Na sisi tulikuwa namuwekea kiti."

Kisha akainuka, akavaa koti la kwanza, akavaa la pili juu yake. "Tuende tuone wenzake," akasema. Mama yetu, ambaye nilikuwa nambembeleza kutoka nje kama mgonjwa!

Bi Ingrid alikuja nasi na darubini ya marehemu mumewe. Tukamshika Mama huku na huku hadi kwenye gati la zamani, maji yametulia nusu, mwanga wa mchana ule mchache wa huku uko juu ya bahari. Bi Ingrid akatafuta kwa darubini, mimi nikatafuta. Nikaona mweusi mmoja mkubwa, nikapiga kelele. Mama bila darubini akasema, "Ule iko na shingo ya nyoka. Haiko yeye." Nikaona mwingine mweusi na mweupe, nikasema ndiye. Bi Ingrid akatikisa kichwa, mdomo wa yule ulikuwa mrefu umechongoka, ni binamu tu. Mimi nikaanza kuona baridi na kuchoka. Mama hakuwa anatafuta kama sisi. Alikuwa amesimama kama alivyosimama Kituku akingoja mitumbwi, hatazami mahali pamoja, anayaacha maji yenyewe yamwambie.

"Pale," akasema.

Hatukuona kitu. Tukangoja. Akaibuka palepale alipoelekeza kidole, mdogo, amekaa chini sana majini, mweusi juu, mweupe chini, kichwa kimeungana na mabega, hana shingo, mdomo kama umekatwa. Bi Ingrid alishusha darubini akamtazama Mama, si ndege. Hapo yule ndege akafungua mabawa nusu, akatumbukia, akapotea.

Unakumbuka mchezo wetu, Yaya? Wa kule nyuma ya nyumba, tukiwa na bidon zetu za kuchotea maji pale ziwani. Ndege akizama kila mtu anaonyesha atakapotokea, na atakayekosea ndiye atakayebeba bidon ya mwenzake hadi nyumbani. Mama ndiye aliyetufundisha. Na wewe ulikuwa unakosea kila mara, kisha unasema, "Mimi sikukuwa nacheza," unaniachia bidon zote mbili na kwenda zako.

Mama akanigeukia, uso umebadilika kabisa. "Onyesha!"

Nikaonyesha kushoto. Yeye akaonyesha mbele, kwenye upepo, mbali kuliko nilivyodhani ndege wa kimo kile anaweza kwenda. Tukangoja hadi nikaanza kuogopa kwamba amekufa huko chini. Akatokea mbele, penye upepo. Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi na glavu zake, akasema, "Ramazani, chukua bidon!" Nikalia, sikufichi. Nikasingizia upepo.

Tukamkalisha kwenye jiwe. Akiwa bado anatazama maji, akasema, "Sasa unipeleke kwetu."

Nikamwambia kuna vita. Akasema, "Masasi ya bunduki nilisikia, nilikuwa nasikia niko kwangu. Hapa sisikii kitu, na mimi sijui niko wapi." Nikamwambia uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Akauliza kama wa Kigali nao umefungwa. Mwishowe nikatoa lile neno lako ulilonipa nimwambie akianza ubishi. Nikamwambia Yaya amesema nyumba imeharibika, bomu lilianguka karibu, kuta zimepasuka, hakuna wa kukaa mle.

Mama hakunigeukia. "Nyumba haikuharibika," akasema. "Iko na watu."

Yaya, mimi nilikuwa nimeshajua. Mama Kahindo, rafiki yake wa soko, wa meza ya jirani, alinitumia sauti mwezi huu, akanieleza mambo yote, akaniomba nisimwambie Mama, atakufa kwa uchungu. Nikalificha. Nikawa natembea nalo kiwandani, napasua samaki, naona sura yako. Kumbe Mama Kahindo hakuweza kunyamaza hata mwanzoni. Alimwambia Mama tangu majuma yale ya kwanza kabisa, kabla ya simu kuanza kukataliwa. Na Mama alinificha mimi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Uko na yaya moja tu. Sikutaka umuchukie." Hayo ndiyo yaliyomkausha koo, si baridi wala samaki asiye na kichwa. Alikuwa amekaa dirishani kwangu akikulinda wewe.

Kwa hiyo najua. Najua umeweka wapangaji, familia mbili. Najua meza zake za kuanikia sambaza zimekuwa kuni. Najua mlango wa nyuma, mlango wa ziwa, umeuziba kwa matofali ili upate chumba cha tatu. Na msikitini unawaambia watu Mama amepumzika Ulaya, wanakupa hongera. Yale machozi ya kwenye simu sijui yalikuwa ya mabomu au ya vyumba. Labda yalikuwa ya vyote viwili, nami nimechoka kuyapima.

Sisemi maisha huko ni rahisi. Banki zimefungwa, biashara yako ya mawese imelala, watoto wanakula kila siku hata siku ya vita. Ungeniambia hivyo ningekuelewa. Ungemwambia Mama, angekupangia mwenyewe, na meza zake angezisogeza kwa mkono wake. Lakini wewe ulimwinua mtu kutoka kwenye maji yake, ukanipa mimi nimpandishe ghorofani, na mimi kama mjinga nikampandisha, nikampepea, nikasema nguvu inarudi. Wote tulimwambia tunamwokoa. Mimi angalau nilikuwa naamini.

Sasa sikiliza. Tiketi imekatwa. Ninamleta mwenyewe, tunapitia Kigali, tunashuka Gisenyi, tunavuka kwa miguu. Usiniambie mtandao, usiniambie vita, hayo tumeyaongea naye hadi yakaisha. Watu watasema tumeshindwa Ulaya. Waache waseme, wamezoea kusema na sisi tumezoea kusikia. Wapangaji hawana kosa, uwatafutie mahali kwa upole. Ule ukuta ni wako, na mikono iliyoujenga bado unayo.

Msalimie Shemeji, mkeo. Najua hakupenda mambo haya, Mama Kahindo amelisema hilo pia, na nalishika. Wasalimie wanao, uwaambie bibi yao anakuja na atawafundisha mchezo ambao baba yao hakuwahi kuushinda. Msalimie shangazi yetu wa Kanyaruchinya kama amerudi kwake. Mama Kahindo usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe, na usithubutu kumkunjia uso sokoni.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilimuuliza Mama kama ana neno la kukuambia. Amefunga mizigo tayari, beseni liko juu kabisa. Alifikiri kidogo, akaniambia niandike vile anavyosema, nisipunguze, nisitie sukari. Naandika.

"Mwambie Shabani: mimi sina hasira naye, nilimuzaa. Lakini nitapita ku mulango yangu ya ziwa. Nikiukuta wazi, nitaingia, nitapika, atakula. Nikiukuta bado iko na matofali, sitabisha hodi kwa mutoto yangu. Nitaenda kule chini pa maji, pale tulikuwa natandika sambaza, nitakaa na beseni yangu. Na kila mutu mwenye atakuja kuchota maji, nitamusalimia."

Mdogo wako,
Ramazani